Haikufungwa Uwanjani, Ikafungwa Mezani: Ugomvi wa Nani Acheze Mtoano wa Mpira wa Vyuo Marekani

Jumapili ya Desemba 3, 2023, saa sita mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani, huku kwetu tayari saa mbili usiku, wachezaji wa Chuo Kikuu cha Florida State walikaa pamoja mbele ya televisheni wakisubiri zitangazwe timu nne za mpira wa Kimarekani zitakazocheza mtoano wa ubingwa wa taifa. Walikuwa wamecheza mechi 13 na kushinda zote 13. Walikuwa mabingwa wa ligi yao, ACC. Timu zikatangazwa: Michigan, Washington, Texas, Alabama. Kamera iliyotegwa pale ili inase shangwe ikanasa kimya. Michigan na Washington nazo hazikuwa zimefungwa msimu ule, hapo hakuna neno. Lakini Texas ilikuwa imefungwa mara moja, na Alabama mara moja. Florida State haikufungwa na mtu. Iliwekwa nafasi ya tano, na mwaka ule nafasi ya tano ilikuwa sawa na nafasi ya mia.

Mashabiki wa soka huku kwetu wanalijua jambo la timu kupoteza mezani. Lakini kwetu timu hupoteza mezani kwa sababu imechezesha mchezaji asiye halali, au haikutokea uwanjani. Florida State haikuvunja kanuni yoyote. Kilichoiponza ni kwamba kwotabeki wake, Jordan Travis, mpiga pasi ambaye mashambulizi yote ya timu humzunguka yeye, aliumia vibaya mguu Novemba 18. Watu 13 wa kamati ya kuchagua timu, waliokaa kwenye chumba cha hoteli huko Grapevine, Texas, wakaamua kwamba bila yeye timu si ile tena.

Ugomvi wa namna hii hurudi kila Desemba, kila mwaka na timu zake. Nimeufuatilia kwa muda, na naona sehemu kubwa ya kelele inatokana na watu kujibizana ilhali hawajibu swali moja. Huyu anauliza timu ipi ni bora. Yule anauliza timu ipi inastahili. Ni maswali mawili tofauti kabisa, na kamati yenyewe hujibu hili leo, kesho ikajibu lile.

Kwa nini hawana msimamo kama wetu

Chukua Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Timu 16, kila moja mechi 30, kila timu inakutana na kila timu nyumbani na ugenini. Mechi 240 zikiisha unafungua msimamo na kusoma. Unaweza kulalamikia waamuzi, unaweza kuapa kwamba fulani kabebwa kwa mbeleko, lakini huhitaji kamati ya kukwambia nani wa kwanza na nani wa nne.

Sasa njoo kwenye mpira wa Kimarekani wa vyuo, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Daraja la juu lilikuwa na timu 136 msimu wa 2025. Kila timu hucheza mechi 12 tu za msimu wa kawaida, kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Novemba, kwa sababu huu ni mchezo wa kugongana na mwili wa binadamu hauhimili zaidi ya mechi moja kwa wiki. Ukipiga hesabu ya jozi zote zinazoweza kukutana unapata 9,180. Mechi zinazochezwa kweli baina ya timu hizo hazizidi 800 na kidogo. Yaani chini ya jozi moja katika kila kumi ndiyo inayosimama uwanja mmoja msimu huo. Tisa zilizobaki ni za kukisia.

Vyuo vimejigawa katika makundi ambayo wao huyaita konferensi. Mimi nitasema ligi, maana kila kundi lina ratiba yake na bingwa wake. Kubwa ni nne: SEC ya kusini, Big Ten, ACC na Big 12. Majina yasikuchanganye: Big Ten ina timu 18, Big 12 ina 16. Na hata ndani ya ligi moja watu hawafahamiani. Timu ya Big Ten hucheza mechi tisa za ligi, hivyo kuna timu nane za ligi yake mwenyewe ambazo haitakutana nazo msimu mzima. Chini ya hizo nne zipo ligi ndogo zenye pesa kidogo. Na wapo wachache wasio na ligi kabisa katika mchezo huu, anayejulikana zaidi akiwa Notre Dame, chuo cha Kikatoliki kilichoko jimbo la Indiana, ambacho hupanga mechi zake chenyewe. Likumbuke jina hilo, tutarudi kwake.

Hata pale timu zinapokutana, jibu haliji lazima. Mwaka 2008, katika Big 12, Texas iliifunga Oklahoma 45-35. Texas Tech ikaifunga Texas 39-33. Oklahoma ikaichapa Texas Tech 65-21. Zote tatu zikamaliza na ushindi 11 na kipigo kimoja. Ukisema aliyemfunga mwenzake ndiye awe juu, utazunguka mduara mpaka kizunguzungu kikushike. Aliyetoka kwenye mduara ule ni Oklahoma, kwa sababu orodha ya kitaifa ilimweka juu kidogo, na wapo mashabiki wa Texas ambao hawajalisahau hadi leo.

Kura, kompyuta, kisha kamati

Kwa miongo mingi hawakuhangaika na mtoano. Kuanzia 1936 shirika la habari la Associated Press lilikuwa likipigisha waandishi kura, makocha nao wakaja kuwa na kura zao, na bingwa alikuwa yule aliyepigiwa kura nyingi. Mwaka 1997 waandishi walimpa Michigan, makocha wakampa Nebraska. Zote hazikufungwa, hazikuwahi kukutana, na zote zimetundika ubingwa ukutani.

Mwaka 1998 wakaleta mfumo wa kuchanganya kura na hesabu za kompyuta ili zipatikane timu mbili za fainali. Kompyuta ikafanya mambo yake. Mwaka 2001 Nebraska ilichapwa 62-36 na Colorado kwenye mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida, haikucheza hata fainali ya ligi yake, lakini hesabu ikaipeleka kwenye fainali ya taifa, na huko Miami ikaimaliza 37-14. Mwaka 2004 Auburn ilishinda mechi zote ikaachwa nje, kwa kuwa USC na Oklahoma nazo hazikuwa zimefungwa na viti vilikuwa viwili. Watu wakasema wamechoka na mashine, wanataka binadamu wanaoujua mpira wakae chini waangalie. Mwaka 2014 wakawapata, pamoja na viti vinne badala ya viwili. Ligi kubwa wakati huo zilikuwa tano, kwa hiyo bingwa mmoja angalau alikuwa anaachwa kila mwaka hata kabla mpira wa kwanza haujapigwa.

Kamati ina watu 13: wakurugenzi wa michezo wa vyuo, makocha wastaafu, wachezaji wa zamani na watu wachache kutoka nje ya uwanja. Ile ya kwanza alikuwamo Condoleezza Rice, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Kuanzia Novemba hukutana kila wiki, na Jumanne hutangaza orodha ya timu 25. Chuo cha mjumbe kikijadiliwa, mwenyewe hutoka nje ya chumba.

Namna wanavyopiga kura inafaa kuelezwa, maana ndimo mambo yanamoharibikia. Hawaandiki orodha ya timu 25 kwa mkupuo. Kila mjumbe kwanza huorodhesha timu anazoona zinafaa kuzungumziwa. Kisha wanachukua kundi dogo la timu sita, wanalijadili, wanapiga kura ya siri kuzipanga, na tatu za juu zinaandikwa kwenye orodha. Tatu zilizobaki zinasubiri, zinaongezwa nyingine tatu, wanarudia. Ni kama kupanga wanafunzi kwa urefu kwa kuwasimamisha wachache wachache: unayelinganishwa naye ni yule aliyesimama karibu nawe. Aliye mbali, hata kama ulishawahi kumwangusha, hamulinganishwi.

Vigezo vyao vimeandikwa: ubingwa wa ligi, uzito wa ratiba, matokeo ya timu zilipokutana, matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja. Kinafuata kipengele kinachoruhusu kuangalia kukosekana kwa mchezaji au kocha muhimu, ikiwa kunaweza kuathiri timu katika mechi zijazo. Na juu ya yote, hati inawaagiza wachague timu bora. Haisemi zinazostahili.

Bora ni habari ya kesho

Hapo ndipo pa kutua. Ukiuliza nani bora, unatabiri: zikikutana Jumamosi ijayo uwanja usio wa mtu, nani atashinda? Majeruhi wana maana, kiwango cha timu kina maana, hata jicho lako lina maana. Ukiuliza nani anastahili, unasoma daftari la yaliyokwisha kutokea: umemfunga nani, umefungwa na nani, wapi. Swali la kwanza ni la mtu anayeweka mkeka. La pili ni la mtu anayegawa zawadi.

Kwa swali la kustahili, Florida State ya 2023 haina mjadala. Ilianza msimu kwa kuichapa LSU 45-24. Travis alipoumia, iliifunga Florida ugenini 24-15 kwa kwotabeki wa pili, kisha ikatwaa ubingwa wa ACC kwa kuifunga Louisville 16-6 kwa kwotabeki wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza. Alabama ilikuwa imefungwa nyumbani kwake na Texas 34-24. Wiki moja kabla ya fainali ya ligi ilikuwa nyuma na imebakiwa na jaribio moja tu la kusogeza mpira dhidi ya Auburn, timu iliyomaliza msimu wa kawaida na ushindi sita na vipigo sita. Muda uliobaki haukufika dakika moja na mstari wa kufunga ulikuwa yadi 31 mbele. Mpira ukarushwa pembeni, ukadakwa, Alabama ikashinda 27-24. Wiki iliyofuata ikaiangusha Georgia iliyokuwa namba moja, pia 27-24, na kutoka nafasi ya nane ikapaa hadi ya nne.

Kwa swali la ubora, nami nikiwa mkweli, ningeiogopa Alabama zaidi. Hilo silipingi. Ninachopinga ni swali kubadilishwa dakika ya mwisho. Florida State ilikuwa nafasi ya nne Jumanne, Travis akiwa tayari yuko kitandani. Ikacheza mechi moja, ikashinda, ikashuka.

Na kama hoja ni kwotabeki, rudi 2014. Ohio State ilipoteza kwotabeki wa kwanza kabla msimu haujaanza, wa pili akavunjika kifundo cha mguu kwenye mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, na fainali ya Big Ten ikachezwa na wa tatu, Cardale Jones. Hali ileile ya Florida State. Tena Ohio State ilikuwa na doa: ilifungwa nyumbani na Virginia Tech 35-21. Lakini ilishinda fainali ile 59-0 dhidi ya Wisconsin, na kamati ikaiingiza nafasi ya nne. TCU, iliyokuwa ya tatu, ilishinda mechi yake ya mwisho 55-3 na ikashuka hadi ya sita. Ohio State ikaenda ikachukua ubingwa, na tangu hapo kila anayetaka kuitetea kamati hukumbusha kombe lile.

Sasa weka matokeo mawili sambamba: kwotabeki wa tatu anashinda 59-0, anaingia, kwotabeki wa tatu anashinda 16-6, anatoka. Kamati hiyohiyo imeandika kwamba haitaki kuzihamasisha timu zikusanye mabao mengi ili kujionyesha. Ukiwa kocha, utasoma kilichoandikwa au utasoma kilichotokea?

Florida State ilipopelekwa kwenye mechi ya faraja dhidi ya Georgia, wachezaji wake wengi walijitoa, na waliobaki wakachapwa 63-3. Wapo wanaosema matokeo yale yalithibitisha kamati ilikuwa sahihi. Mimi naona yalithibitisha tu kwamba vijana waliovunjwa moyo hawachezi. Travis mwenyewe aliandika kwamba laiti mguu wake ungevunjika mapema zaidi, watu wangeona timu ile ni zaidi ya kwotabeki. Sijui kama kuna mwanamichezo mwingine aliyewahi kutamani hadharani kuumia mapema.

Viti 12, ugomvi ukashuka ghorofa

Msimu wa 2024 viti vikaongezwa hadi 12. Mabingwa watano wa ligi walio juu zaidi katika orodha wanaingia moja kwa moja, saba waliobaki wanachaguliwa. Wengi walidhani kelele zingekwisha, kana kwamba tatizo lilikuwa idadi. Zilihama tu, kutoka nani wa nne hadi nani wa 12, na huku chini timu zinafanana zaidi kuliko kule juu.

Mwaka wa kwanza ugomvi ulikuwa SMU na Alabama. SMU ilikuwa na kipigo kimoja, ikafika fainali ya ACC, na Clemson ikaifunga 34-31 kwa teke la yadi 56 muda ukiyoyoma. Alabama ilikuwa na vipigo vitatu, kimojawapo cha 24-3 kutoka kwa Oklahoma, na ilikuwa imekaa nyumbani siku hiyo. Kamati ikaichagua SMU. Hoja yake niliielewa: usimwadhibu aliyefika fainali ya ligi kwa mechi ambayo mwenzake hakuicheza. Lakini watu wa SEC, ligi ya Alabama, wakauliza, na wana haki ya kuuliza, hivi ushindi dhidi ya nani? Ratiba ya SMU ilikuwa nyepesi. SMU ilipochapwa 38-10 na Penn State raundi ya kwanza, wakashangilia kama waliocheza wao.

Mwaka 2025 mambo yakawa matamu zaidi, na hapa ndipo Notre Dame anaporudi.

Agosti 31 Miami iliifunga Notre Dame 27-24. Notre Dame ikafungwa tena na Texas A&M kwa pointi moja, 41-40, kisha ikashinda mechi kumi mfululizo, nyingi kwa kishindo. Miami ikafungwa na Louisville na SMU. Mwisho wa Novemba kila moja ilikuwa na ushindi 10 na vipigo viwili. Mtu wa kijiweni angesema mbona jibu lipo, si walikutana? Lakini orodha ya kwanza ya Novemba 4 iliiweka Notre Dame nafasi ya 10 na Miami ya 18. Kila Jumanne mwenyekiti akiulizwa kuhusu mechi ya Agosti, jibu likawa kwamba timu hizo haziko karibu vya kutosha kulinganishwa ana kwa ana. Kumbuka wale wanafunzi wanaopangwa kwa urefu.

Desemba 2 hali ilikuwa hivi: Alabama ya 9, Notre Dame ya 10, BYU ya 11, Miami ya 12. Wikiendi iliyofuata ni ya fainali za ligi. Notre Dame na Miami hazikucheza. Alabama ilifungwa na Georgia 28-7. BYU ilifungwa na Texas Tech 34-7. Jumapili orodha ikatoka: Alabama ya 9, Miami ya 10, Notre Dame ya 11, BYU ya 12.

Soma tena taratibu. Timu mbili zilifungwa fainali za ligi kwa tofauti inayokaribiana. Alabama haikusogea hata hatua, BYU ikashuka. Kushuka kwa BYU kukaiacha Miami imesimama bega kwa bega na Notre Dame, na ghafla mechi ya Agosti ikakumbukwa. Kwa kuwa viti vya 11 na 12 vilikuwa vya mabingwa wa ligi ndogo, nafasi ya 10 ndiyo ilikuwa ya mwisho, na Notre Dame ikabaki nje bila kupiga wala kupigwa. Chuo kikakasirika kiasi cha kukataa kucheza mechi yoyote ya faraja.

Kwa maoni yangu kamati ilifika mahali sahihi kwa njia mbovu. Aliyekufunga, rekodi zenu zikiwa sawa, akae juu yako. Hilo lingeweza kusemwa Novemba 4 na hakuna ambaye angelia. Kusubiri wiki tano ukimweleza mtu kwamba yuko ndani, halafu kumtoa siku ambayo hakucheza, ni kumfanya aone figisu hata pasipokuwapo. Na Alabama kubaki palepale baada ya 28-7 sijapata maelezo yaliyoniingia akilini.

Upande wa chini wa orodha ulikuwa na vichekesho vyake. Duke, yenye vipigo vitano, ilitwaa ubingwa wa ACC kwa kuifunga Virginia 27-20 muda wa nyongeza, lakini kwa kuwa haikuwa miongoni mwa mabingwa watano wa juu, viti vikaenda kwa Tulane na James Madison za ligi ndogo. Kelele zikahamia huko: timu ndogo zinatafuta nini kwenye meza ya wakubwa? Tulane ikachapwa 41-10 na Ole Miss, James Madison ikafungwa 51-34 na Oregon, na watu wakasema si tuliwaambia. Sawa. Lakini robo fainali Alabama ilifungwa na Indiana 38-3, pointi 35, kipigo kikubwa kuliko cha Tulane na zaidi ya mara mbili ya kile cha James Madison. Hakuna aliyesema SEC isialikwe tena.

Kuna historia ndefu nyuma ya dharau hiyo. Mwaka 2017 UCF ya ligi ndogo ilishinda mechi zote 12, kamati ikaiweka nafasi ya 12. Ikaenda kuifunga Auburn 34-27, Auburn ileile iliyokuwa imezifunga Alabama na Georgia, yaani timu mbili zilizokutana kwenye fainali ya taifa. UCF ikajitangazia ubingwa na kufanya gwaride Disney World. Wengi walicheka. Binafsi sioni ilipokosea katika hesabu.

Pesa iko wapi

Isidhaniwe kwamba watu wanagombania heshima tu. Chini ya mgawo ulioanza na mtoano wa timu 12, kila timu inayoingia huipatia ligi yake dola milioni 4, nyingine milioni 4 ikifika robo fainali, milioni 6 nusu fainali na milioni 6 fainali. Notre Dame, kwa kuwa haina ligi ya kugawana nayo, iliondoka na milioni 20 yote ilipofika fainali ya msimu wa 2024. Ndiyo maana makamishna wa ligi huonekana kwenye televisheni kila wiki ya Novemba wakipigia debe timu zao. Mkataba mpya wa televisheni ya ESPN kuonyesha mtoano, unaoanza 2026, una thamani ya takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka, na Big Ten na SEC zimejihakikishia takriban asilimia 29 kila moja.

Pesa hiyo pia inaharibu ratiba. Texas ilianza 2025 kwa kwenda kucheza ugenini na Ohio State, ikafungwa 14-7, ikamaliza na vipigo vitatu na kuachwa. Mkurugenzi wa michezo mwenye akili atajiuliza kwa nini aende tena kumchokoza simba, wakati angeweza kumwalika mnyonge na kubaki na vipigo viwili. Mashabiki ndio watakaokosa mechi hizo za Septemba.

Na matokeo ya mtoano wenyewe? Hayakumhurumia mtabiri yeyote. Miami, timu ya mwisho kuchaguliwa, iliifunga Texas A&M 10-3, ikaitoa Ohio State 24-14, ikaitoa Ole Miss 31-27, ikafika fainali kwenye uwanja wake wa nyumbani Januari 19, 2026. Huko ikafungwa 27-21 na Indiana, chuo kilichokuwa miongoni mwa vilivyofungwa mara nyingi zaidi katika historia ya mchezo huu, na ambacho mwaka mmoja nyuma kiliambiwa hakikustahili kualikwa kwa sababu ratiba yake ilikuwa laini. Kimemaliza na ushindi 16 bila kipigo.

Kuanzia msimu wa 2026 kanuni zinabadilika tena. Bingwa wa kila moja ya ligi nne kubwa atakuwa na kiti chake bila kujali yuko wapi kwenye orodha, na Notre Dame itaingia moja kwa moja ikiwa ndani ya 12 bora. Ukizirudisha kanuni hizo kwenye orodha ya Desemba 2025, Duke yenye vipigo vitano inaingia na James Madison inatoka. Notre Dame, ya 11, inaingia. Na kiti chake kinatoka kwa aliyekuwa wa 10: Miami, aliyemfunga Agosti, na aliyefika fainali.